Taharuki ya Mbenga: Samaki, Mvuvi na Msimulizi katika Maandishi Kuhusu Mto Lualaba

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameizoea taharuki katika riwaya ya upelelezi na katika tamthilia. Huko wameipima, wameieleza na kuifundisha. Masimulizi ya uvuvi hayakupata bahati hiyo, ingawa ni shida kupata tendo la binadamu lenye taharuki ya wazi kuliko lile la mtu aliyeketi mtumbwini, mshipi umepita kidoleni mwake, akingojea mguso wa kitu asichokiona.

Makala haya yanachunguza taharuki hiyo kama ilivyosawiriwa, au kama ilivyoachwa bila kusawiriwa, katika maandishi machache yahusuyo Mto Lualaba. Mto huo ndio sehemu ya juu ya Mto Kongo, nao hupita magharibi ya Kasongo, katika Maniema ya kusini. Samaki atakayeangaliwa ni mmoja tu, yaani mbenga. Hoja kuu ni kwamba taharuki ya kumvua samaki huyu haitokani na ukubwa wake wala na ukali wa meno yake. Inatokana na mambo mawili: kutoonekana kwake, na hasara inayomngoja mvuvi akishindwa. Kazi inayoyashika mambo hayo mawili humsisimua msomaji hata kama samaki hakupatikana. Kazi inayoyaacha, ikamgeuza samaki kuwa zimwi, huipoteza taharuki yenyewe, na pamoja nayo humpoteza mvuvi.

Samaki na majina yake

Jina mbenga hutumika katika sehemu kubwa ya bonde la Kongo. Mabuku ya elimu ya wanyama humwita samaki huyu Hydrocynus goliath. Huishi katika Mto Kongo na matawi yake makubwa, Lualaba ukiwamo, na pia katika Ziwa Tanganyika. Akikomaa hupita urefu wa mita 1, na uzito wake huweza kufikia kilo 50. Ana meno 32, marefu na yenye kuonekana hata mdomo ukiwa umefumbwa. Chakula chake ni samaki wengine, na huwinda katika maji yaendayo kasi, penye maporomoko na mahali mikondo inapokutana. Taya zake ni mifupa mitupu, hivyo ndoana hukosa nyama ya kushika. Akinaswa huruka juu ya maji akitikisa kichwa, na mara nyingi ndoana huchomoka papo hapo. Meno yake hukata uzi wa kawaida. Ndiyo maana wenye kumtafuta kwa mshipi hufunga kipande cha waya baina ya uzi na ndoana.

Jina la kitaalamu linastahili kusomwa kama msomaji asomavyo anwani ya kitabu. Sehemu ya kwanza ina asili ya Kiyunani na maana yake ni mbwa wa maji. Sehemu ya pili ni Goliathi, lile jitu la Wafilisti. Aliyelitoa jina hilo mwaka 1898 ni G. A. Boulenger, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi katika Makumbusho ya Uingereza jijini London, ambako samaki wa Kongo walimfikia wakiwa wamekwisha kufa na kuhifadhiwa. Miaka mitano kabla ya hapo, mwezi Aprili 1893, mji wa Kasongo ulikuwa umetekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, dola ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Jina la samaki halikutungwa kwa ajili ya vita hivyo. Hata hivyo lilitungwa katika zama zake, nalo limebeba hadithi iliyokwisha kamilika, kwa sababu palipo na Goliathi hapakosi Daudi. Yeyote amvuaye samaki huyu na kuandika habari zake anakuta nafasi ya shujaa imekwisha tayarishwa: mtu mmoja, mgeni, mwenye silaha ndogo, mbele ya jitu. Katika hadithi hiyo hakuna anayempeleka Goliathi sokoni.

Jina mbenga halina mzigo huo. Linamtaja samaki miongoni mwa samaki, kama sangala au kambare. Tofauti ya majina hayo mawili ndiyo tofauti ya aina mbili za masimulizi zitakazojadiliwa hapa chini.

Mto katika maandishi ya karne ya 19

Maandishi ya kwanza yenye kueleza kwa kirefu mto huu na watu wake karibu na Kasongo ni ya David Livingstone. Alifika Nyangwe, soko lililokuwa kando ya Lualaba, mwishoni mwa mwezi Machi 1871, akakaa hapo zaidi ya miezi mitatu akitafuta mitumbwi ya kumpeleka mbele asiipate. Shajara yake ya wakati huo aliiandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino wa kujitengenezea. Toleo lililosomwa na ulimwengu ni lile lililohaririwa na Horace Waller na kuchapishwa mwaka 1874, baada ya kifo cha mwandishi. Kurasa za asili, zilizokuwa zimefifia, zilisomwa upya kwa picha za mwanga maalumu, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Mhakiki hana budi kukumbuka kwamba habari za Nyangwe zimepita katika mikono zaidi ya mmoja.

Livingstone hakuwa mvuvi, na shajara yake haina taharuki ya mshipi. Lakini aliliona soko. Aliwaona wanawake wakija kwa wingi na bidhaa zao, samaki wakiwamo, wakibadilishana kitoweo kwa unga na muhogo. Katika maandishi yake samaki wa Lualaba ni sehemu ya maisha yenye utaratibu, yenye mzaha na mabishano ya bei. Kwa sababu hiyo tukio la tarehe 15 Julai 1871 humgusa msomaji kwa uzito wa pekee. Siku hiyo watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanyabiashara, waliwapiga risasi watu wa sokoni, na mamia wakazama mtoni walipokuwa wakiikimbilia mitumbwi yao. Hesabu aliyopewa Livingstone na wafanyabiashara wenyewe ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Ikiwa kuna sehemu ya Lualaba inayostahili kutisha katika maandishi, ni hapo. Na vifo hivyo havikuletwa na kiumbe chochote cha majini.

Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe mwaka 1874, naye akashindwa kupata mitumbwi. Henry Morton Stanley aliondoka hapo mwezi Novemba 1876 akiandamana na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, bwana wa Kasongo. Tippu Tip ndiye aliyeuacha ushahidi ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili, yaani Maisha yake, yaliyochapishwa mara ya kwanza Berlin na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, kisha yakatolewa tena na W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hii ni nathari ya Kiswahili iliyo nyepesi na yenye kasi, na taharuki imo tele. Imo katika vita, katika hila na katika bei ya pembe. Mto, hata hivyo, ni njia na kizuizi. Watu wake huhitajika kwa sababu ya mitumbwi, si kwa sababu ya maarifa yao ya kilichomo majini.

Hivyo basi karne ya 19 iliacha pengo. Wasafiri wote hao walitegemea jamii za mto, wakiwamo Wagenya, ambao makazi yao yamefuata Lualaba mpaka Kisangani. Uvuvi wa Wagenya wa Kisangani unajulikana duniani kwa majukwaa ya miti yanayosimikwa katika maporomoko na migono mikubwa inayotumbukizwa penye maji makali. Kazi hiyo hufanywa na watu wengi kwa pamoja, na anayeteleza huchukuliwa na mkondo. Lakini sauti ya mvuvi mwenyewe, akisimulia kwa lugha yake namna alivyongoja na alivyopata au kukosa, haimo katika vitabu hivyo.

Lugha ya mshipi

Kabla ya kuzitazama kazi za karne ya 20 yafaa kuuliza ni nini hasa kinachoisimamisha taharuki ya uvuvi. Msamiati wa Kiswahili unatoa mwanga. Mvuvi wa mshipi ana uzi, ndoana, chubwi na chambo. Vyote vinne hushuka mahali asipopaona. Kuanzia hapo habari zote humjia kwa kidole: chubwi imegusa mchanga au jiwe, chambo kimedonolewa na samaki mdogo, au uzi umelegea ghafla bila sababu. Kulegea huko ndiko kunakomshtua mjuzi kuliko mvuto wowote, kwa kuwa huenda samaki mkubwa amekichukua chambo naye anakuja upande wa mtumbwi. Asiyejua atauacha uzi ulegee. Ajuaye atauvuta upesi, na hapo pambano litaanza. Msemo wa pwani kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo unathibitika hata mahali pasipo na pweza.

Taharuki ya namna hii ni ya kusoma alama. Msikilizaji wa hadithi husisimka kwa kuwa yeye naye, kama mvuvi, hana ila alama. Msimulizi akimwonyesha samaki mapema, kwa sifa za meno na vipimo, alama hupoteza kazi. Wahenga walisema simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Samaki mwenye kelele nyingi katika hadithi hali mtu.

Jambo la pili ni hasara. Mvuvi wa Lualaba humtafuta mbenga kwa nyavu na kwa ndoana, na kila kifaa kimenunuliwa kwa fedha au kwa kazi. Mbenga akiingia wavuni huenda akautoboa, na samaki wengine wakapita katika tundu lake. Kwa mvuaji wa burudani, samaki aliyekata mshipi ni hadithi ya kusimulia jioni. Kwa mvuvi wa riziki ni ndoana iliyopotea, wavu wa kushonwa usiku, na jiko lisilo na kitu. Furaha ya kumpata nayo ni kubwa zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Si kweli kwamba mwenye njaa hana msisimko, na kwamba msisimko ni mali ya mwenye nafasi. Moyo unaodunda mshipi ukikaza ni mmoja. Mizani ya kinachoweza kupotea ndiyo iliyo tofauti.

Kiswahili cha bara la Kongo, kilichotia mizizi Kasongo na Kabambare tangu enzi za misafara, kilikuja na msamiati wa bahari kikakutana na mto. Kamusi zetu zimejaa majarife, madema na nyando za pwani. Upande wa maji baridi bado ni mwembamba. Upungufu huo ni wa fasihi pia, kwa maana palipokosekana neno la kutofautisha mkondo na mkondo, msimulizi aandikaye kwa Kiswahili sanifu hulazimika kuufanya mto wote kuwa maji tu.

Daudi na kamera

Katika mwaka 1992 Paul Boote na Jeremy Wade, Waingereza wawili, walichapisha kitabu kiitwacho Somewhere Down the Crazy River, kinachosimulia utafutaji wa samaki wakubwa katika mito ya India na ya Kongo. Nchi ilikuwa ikiitwa Zaire wakati huo. Samaki wa upande wa Kongo ni mbenga. Ubora wa masimulizi hayo, yakipimwa kwa vigezo vilivyotajwa hapo juu, umo katika ucheleweshaji. Safari ni ndefu, vyombo vya mto havina saa, homa haikosi, na mafanikio hayakuja upesi. Ilibidi kwenda zaidi ya mara moja. Samaki asiyeonekana anatawala kurasa kwa kukosekana kwake. Msomaji anaingiwa na hamu ileile iliyomtoa msimulizi kwao. Hapa kitabu kimefaulu, na kufaulu huko kusipuuzwe kwa sababu tu kwamba waandishi ni wageni.

Udhaifu wa aina hii ya vitabu ni wa kimuundo. Mwenyeji anayepiga kafi na ajuaye mahali pa kutupa chambo huingia katika hadithi kama sehemu ya mandhari. Anapoonyesha mahali, ujuzi wake hugeuka kuwa bahati ya msimulizi. Swali ambalo mhakiki angependa kuliona limejibiwa, yaani mwenyeji huyo alijuaje, halina nafasi katika hadithi ya Daudi, kwa kuwa Daudi hukutana na Goliathi akiwa peke yake.

Wade baadaye akawa mtangazaji wa mfululizo wa televisheni uitwao River Monsters. Katika mwaka 2010 kipindi kimoja kilimhusu mbenga, na anwani yake ilikuwa Demon Fish, yaani samaki pepo. Anwani hiyo, kama lile jina la mwaka 1898, inahukumu kabla ya ushahidi. Kipindi cha aina hii huanza na uvumi kwamba samaki huwadhuru watu, kisha huchunguza, na hufikia kilele samaki anapoinuliwa mbele ya kamera. Mpangilio huo una nguvu, na Wade si mtu wa kudharau samaki. Uzoefu wake wa miaka mingi unaonekana. Lakini kamera inadai sura. Inapomkaribia mbenga na kuonyesha meno yake, mtazamaji hupata hofu badala ya taharuki, na hofu huisha picha ikibadilika. Zaidi ya hapo, kijana wa Kasongo atazamaye kipindi hicho anaelezwa kwamba kitu cha ajabu katika mto wa kwao ni pepo, ilhali kitu cha ajabu zaidi kimeketi nyuma ya mtumbwi kikishika kafi.

Pingamizi mbili

Mtu aweza kupinga kwamba pambano la mtu mmoja na samaki mmoja ndilo umbo la asili la hadithi hizi, na kwamba kudai soko na wavu ni kuidai fasihi iwe ripoti. Pingamizi hili linajibiwa na The Old Man and the Sea ya Ernest Hemingway, iliyotoka mwaka 1952. Maji yake ni ya chumvi na pwani yake ni ya Kuba, lakini kanuni ni moja. Mzee Santiago amekaa siku 84 bila samaki. Anapomnasa samaki mkubwa wa jamii ya nduaro, kwa muda mrefu hamwoni; anamjua kwa uzito wa mshipi mgongoni na mikononi. Naye ni mvuvi wa riziki, hivyo nyama inayoliwa na papa njiani ni chakula na fedha zinazotoweka mbele ya macho ya msomaji. Kutoonekana na hasara vimeungana, na pambano la mtu mmoja halikupungukiwa na kitu kwa kuwa na soko nyuma yake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Yaweza kusemwa kwamba pepo wa majini si uzushi wa televisheni, kwani watu wa Kongo wenyewe wanao. Ni kweli. Picha za mamba muntu, kiumbe mwanamke kwa nusu na samaki kwa nusu, zilipamba sebule nyingi za Lubumbashi na miji mingine ya Katanga, hasa katika miaka ya 1960 na 1970. Lakini yafaa kutazama kazi yake katika masimulizi. Mamba muntu hapigwi wala havuliwi. Hufanya mapatano na mtu: humpa utajiri, naye mtu hulipa kwa siri atakayoitunza au kwa kitu akipendacho. Taharuki ya picha hizo imo katika swali la bei. Ni hadithi ya tamaa ya binadamu, na kitisho kimewekwa upande wa nchi kavu. Samaki pepo wa televisheni hana mapatano na mtu yeyote. Ana meno tu. Kwa hiyo mapokeo ya wenyeji hayaungi mkono anwani ile. Yanaonyesha kwamba hata pepo anaweza kusimuliwa kwa namna yenye maana kubwa zaidi.

Hitimisho

Ulinganisho huu umeonyesha kwamba maandishi kuhusu Lualaba yamegawa vitu viwili vilivyopaswa kukaa pamoja. Livingstone aliliona soko bila kuusikia mshipi. Tippu Tip, kwa Kiswahili kizuri, aliuvuka mto bila kuinama kutazama ndani. Wavuaji wa karne ya 20 waliusikia mshipi vizuri, lakini wakaliacha soko pamoja na mwenye mtumbwi. Masimulizi yatakayoviunganisha yangali kuandikwa, na wenye uwezo wa kuyatoa ni wazungumzaji wa Kiswahili wa kingo za Lualaba na Luama.

Kazi hiyo ina haraka. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwatawanya watu wengi wa Maniema, na uhamiaji hukata mnyororo wa mzee na kijana katika mtumbwi mmoja. Mwanafunzi wa fasihi simulizi aendaye Kasongo au Kabambare kukusanya ngano na methali angefanya vyema kuongeza swali moja katika orodha yake: amwombe mvuvi asimulie habari za samaki aliyempoteza. Akisimuliwa, ayaandike maneno yote ya mkondo, ya uzi na ya kidole kama yalivyotamkwa, wala asiyasanifishe kabla ya kuyaelewa. Huenda samaki mwenyewe asionekane hata mara moja katika simulizi hiyo. Mkusanyaji asidhani kwamba simulizi imepungua kwa ajili hiyo.